Ribiti ya Tisa

Nurdin Jiwani ameileta imelazwa kwenye sponji,
sanduku lina kidirisha cha nailoni,
risiti ameikunja mara nne nisione bei.
Naiona. Ningeezekea nyumba.

"Toleo jipya, Bi Somoe, limetoka mwezi huu.
Niambie kweli, kabla sijaiweka kabatini."

Kweli haina haraka Barabara ya Kumi na Tatu.
Nasogeza saa za watu pembeni,
navaa lenzi jichoni,
navuta taa.

Rangi kwanza. Weusi umezidi,
weusi wa viatu vya bwana harusi.
Injini ya kweli iling'aa hivi siku moja tu,
siku ya kutoka karakana;
kesho yake Muheza imeshaipaka wekundu miguuni
na ubavu umekula masizi.
Nakata alama.

Dohani, sawa. Mdomo umebinuka nje kidogo
kama kikombe cha kahawa, ndivyo.
Mikono ya magurudumu naisukuma kwa kijiti cha kiberiti:
yazunguka bila kukwaruza,
kila kiungo kinampisha mwenzake
kama watu wenye adabu mlangoni.
Bomba la mchanga, jembamba kuliko uzi wa kushonea,
limeshuka mbele ya gurudumu, si nyuma.
Aliyelichonga alitazama.

Ila beleshi! Wameligandisha juu ya makaa, chali,
mpini umeelekea nje ya mlango.
Mchochea moto gani huyo?
Hapo Pongwe tu lingekuwa limeshaanguka njiani.
Na taa ya mbele ina kioo cha rangi ya maziwa;
yetu ilikuwa ya njano, yenye ufa,
ikipepesa kila daraja.

Nurdin anaandika kila neno
kama mtu anayeelekezwa dawa.

Naigeuza ubavu wa kushoto.

Kwenye tangi la maji, chini ya ngazi,
kuna kiraka, bati juu ya bati,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto.
Nahesabu ribiti. Nane.
Nahesabu tena kwa ncha ya sindano, kwa sauti.
Nane,
na mahali patupu ambapo ya tisa ingekaa.

"Kasoro?" Nurdin ameinua kalamu.

Fundi Semkiwa, baba yangu, zamu ya usiku.
Injini inatakiwa Korogwe alfajiri
na kopo la ribiti limebaki na sauti tu.
Akapiga nane. Akapaka rangi. Hapakuvuja.
Msimamizi akapita asubuhi na kidole chake, akahesabu,
akamkata mshahara wa siku tisa:
moja kwa kila ribiti,
hata zile nane alizopiga.
Mwezi ule tulikula mihogo hadi tukaichukia,
na shuleni nikaitwa Binti Nane
mpaka nilipoolewa.

Injini ilikatwa ikauzwa kwa kilo.
Msimamizi simjui kaburi lake.
Baba hana hata picha moja.

Lakini kuna mtu, sijui wa nchi gani,
aliyepata picha ya ubavu huu,
akainama kama nilivyoinama mimi,
akahesabu nane, akaacha nane.
Angeiongeza moja, nani angejua?
Kiraka kingependeza.
Hakuiongeza.
Sandukuni wameandika: zimetengenezwa mia tano.
Mara mia tano, baba, kopo limekuishia.

"Bi Somoe?"

Lenzi imeingia ukungu. Naivua, naifuta kwa upindo wa kanga.

"Andika: rangi imezidi. Beleshi ni ujinga,
wambie nimesema mimi. Taa, nusu alama."

"Na hicho kiraka?"

"Kiraka hakina kasoro. Andika hivyohivyo,
kwa wino, usifupishe."

Anaandika. Anafungua sanduku airudishe kwenye sponji yake.
Naweka kiganja juu ya dohani.

"Iache mpaka Jumamosi," namwambia.
"Ubavu wa kulia bado sijauangalia."