Kompyuta ya Shangazi Tupokigwe

Mwanjelwa, kwa Mwasumbi, nilianza na pawasapulai,
ile nzito: umeme wa Tukuyu
hukatika mvua ikikohoa tu.
Ram giga nane zatosha,
hesabu za majani ya chai hazina haraka.
Kioo kipana. Macho yake humdanganya,
naye hunidanganya mimi.

Mwasumbi akasifia feni:
"Inapoza kama barafu, kaka."
Nikampigia shangazi. Akauliza moja:
"Dude lenyewe linatoa joto?"

Julai kule ukungu hulala mpaka sebuleni,
vidole vyake hufa ganzi juu ya risiti.

Nikairudisha feni.
Nikachukua prosesa ya zamani, ile yenye homa,
na kasha linalopumulia miguuni.