Saa Tisa Tunarudi

Niliandika ukutani kwa kalamu nyekundu,
juu ya seva inayokohoa vumbi la Malindi:
SAA TISA USIKU TUNARUDI.
Kadenge akauliza, turudi wapi, na hata hatujaondoka?
Ndiyo maana naandika sasa, nikamwambia,
kabla akili haijachoka ikaanza kubembeleza.

Wiki tatu tuliizunguka programu mpya
kama mnunuzi wa mbuzi anayekagua meno.
Kwenye kompyuta kuukuu ya stoo tuliiwekea mitego:
mita ya Muyeye inayosoma kinyumenyume,
mjane wa Barani alipaye hamsini hamsini,
na jina la Bwana Kang'ombe,
ambalo kialama chake kimoja, kile cha kwenye ng',
kiliangusha risiti mia sita kwa mpigo.
Tukashukuru. Afadhali zianguke stoo.

Nakala za akiba zilikuwa tatu.
Moja ililala kwa Bi Saumu wa uhasibu, kule Shela,
kabatini, nyuma ya vikombe vya harusi yake.
Kila moja tuliirudisha mpaka ikasimama na kuhesabu wateja wake,
maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha
ni dua tu iliyotiwa kwenye boksi.

Si Ijumaa. Si mwisho wa mwezi.
Jumamosi usiku. Tukawatumia watu ujumbe:
*Malipo yatasimama saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri.
Maji yataendelea kutoka.*
Mtu wa Maweni akajibu:
Yataendelea? Kwani yalianza lini?

Saa nne tukafunga mlango wa malipo.
Saa sita, majedwali yanahama, pizza imepoa.
Saa nane na dakika arobaini,
asilimia themanini na saba,
ikaganda.

Bwana Mwarome akapiga simu kutoka Mombasa:
Imebaki kidogo, Mbeyu. Sukuma.
Kadenge hakusema kitu, ila vidole vyake
vilikuwa vimeshaanza kusukuma mezani.
Na mimi, sitawaficha, nilitaka.
Themanini na saba ni namba yenye ulimi mtamu.

Nikatazama ukuta.
Mwandiko ule haukuwa wangu wa usiku huo.
Ulikuwa wa Mbeyu wa alasiri,
aliyekula, aliyelala, asiyemwogopa bosi,
akiniachia amri kama mama anayesafiri.

Saa tisa. Tukarudi.

Saa kumi na robo mfumo wa zamani ukafumbua macho,
ukauliza nywila kana kwamba hakuna kilichopita.
Kadenge akalipa shilingi kumi kwenye bili ya mamake.
Risiti ikatoka. Tukaikodolea
kama watu waliopewa mtoto wa kushika.

Kosa tulilipata Jumatatu:
watu wawili wa Kisumu Ndogo, mita moja,
mmoja wao marehemu tangu mwaka elfu mbili na tisa,
na bado anadaiwa.
Tukamwandikia mtego wake, tukapanga Jumamosi nyingine.
Maandishi ya ukutani sikuyafuta.

Dirishani foleni ilikuwa ileile.
Mzee mmoja akaegemea kioo:
Mlitangaza mnabadilisha mitambo. Kimebadilika nini?
Hakuna, nikasema,
nikampa risiti yake,
Kang'ombe,
ng' ikiwa mahali pake.