Nusu Baa

Imefika saa tatu kasoro, Subaru ya Mhoja,
bluu iliyopauka kwa jua la Ipuli,
bomba la nyuma pana kama mdomo wa mtungi.
Ilifunguliwa kompyuta Dar, alilipa, ikawa inaruka.
Juzi kapitwa na lori la tumbaku, barabara ya Sikonge,
na utingo akampungia mkono.

"Turbo imekufa," wameshamwambia mafundi wawili,
wa kwanza bila kufungua boneti.
Milioni mbili na laki tatu, mtumba wa Japani.
Nikasema: Isevya hatuziki kwa tetesi.

Tukatoka. Mimi usukani, yeye macho kwenye saa.
Gia ya tatu, mguu mpaka sakafuni:
nukta tatu, nne, tano,
sindano ikasimama.
Inatakiwa baa moja na nukta mbili.
Palikuwa na sauti pia: sii, nyembamba,
ya mtu anayevuta hewa kwa meno
akitajiwa mahari.

Kwanza nikautoa mwinuko kwenye hesabu.
Dar iko sawa na bahari; sisi tuko juu mita elfu na mia mbili,
hewa yetu nyepesi, turbo huihangaikia.
Lakini mwinuko ni mdokozi tu.
Huyu alikuwa mwizi.

Mashine ya kupimia moshi sina.
Nina bomba la marehemu baba,
alilokwenda nalo mizingani,
bati limeungua mdomo, ngozi ya mivukuto nimeishona mara mbili.
Nikalijaza gunia kavu na kinyesi cha ng'ombe,
nikaunga mrija, nikaziba mdomo wa turbo kwa kopo la maziwa,
nikavukuta taratibu, kama anayeomba radhi.
Nyuki wakifukizwa hutulia.
Mhoja hakutulia. Akauliza kama gari litanuka.
Litanuka, nikamwambia.

Moshi ukazunguka mle tusimoona,
kisha chini ya klipu ya mpira wa kushoto
ukachungulia uzi mmoja wa kijivu.
Mpira ulipasuka kwa tumboni, ufa wa urefu wa kucha.
Mhoja akapiga makofi. Nami karibu nipige.
Nikafunga mpya, tukatoka tena:
ile sii haipo.
Sindano: tano. Palepale.

Mpiga ramli angeshachukua hela yake.
Mimi nikaenda kula mhogo.

Nusu. Kila mara nusu kamili, injini ya moto au baridi.
Ufa hauna adabu hiyo; leo huvuja hivi, kesho vile.
Nusu kamili ni springi.
Ni mlango wa moshi unaofunguka mapema
kwa kuwa upepo unaousukuma
haupunguzwi popote.

Nikakifuata kimpira chembamba, mrija wa soda,
pale solenoidi inapopumulia,
waliochezea gari waliuacha mdomo wake wazi.
Nikapuliza. Kigumu.
Nikachokonoa kwa waya wa breki ya baiskeli:
udongo mwekundu, laini, uliomung'unywa.

Nyigu.
Miezi miwili gari lilisimama, Mhoja akimuuguza mama yake Urambo,
na yeye akaona chumba kitupu hakina mwenyewe.
Akaweka buibui watatu wa akiba, yai moja,
akaziba mlango kwa mate,
akaenda zake, hajui
kuna farasi themanini amewafungia ndani.

Tukatoka mara ya tatu.
Nukta nane. Moja. Moja na nukta moja.
Iliyobaki ameidokoa mwinuko, tumsamehe.
Mhoja hakusema kitu mpaka njia panda,
kisha akacheka peke yake, kwa muda mrefu.

Elfu thelathini, na bei ya mpira.
"Risiti, Fundi Nyamizi. Mke wangu hataamini.
Andika kilichokuwa kibovu."
Nikafikiri, kalamu ina grisi,
nikaandika: nyumba, moja,
imebomolewa.