Kitufe Kimoja

Dukani Ostrava, theluji imegoma kuyeyuka viatuni,
baba anavigeuzageuza visanduku viwili
kama anunuaye samaki: atazame tumbo, atazame mgongo.
"Hiki picha yake kali," muuzaji anasema,
"kila unywele utauhesabu."
Baba anauliza: "Wa nani?"

Miaka thelathini na mmoja alichimba makaa ya mawe;
macho yake yamezoea kuona kidogo na kutosheka.
Hataki sauti ya kumwitikia gizani,
hataki kujua majirani wanatazama nini.
Anaomba rimoti tu. Anaipima kiganjani,
kidole gumba kilichobaki kinatafuta njia.

Cha ghali kina vitufe kumi na tisa.
Cha rahisi, vitano; kimoja kimevimba kama haragwe.

"Milada angekimudu hiki,"
anasema, na ndiyo mara ya kwanza
kumtaja mama tangu Oktoba.

Nikalipa.
Nyumbani, nyaya zikiwa bado sakafuni,
runinga ikatuuliza: "Nani anatazama?"
Baba akashusha miwani, akaandika jina lake,
kisha, herufi moja moja,
la mama.