Joto Vipi?

Pale pale ukutani, nje ya bafu,
nilipochutama miaka thelathini na moja
nikichochea kuni za mwerezi,
wamesimamisha sanduku jeupe lenye feni
na kuliezekea bati, theluji ya Iiyama isilifukie.

Fundi Kuramochi alikuja na tangi la lita mia tatu na sabini,
akalifunga kwa boliti kama afungaye farasi mkorofi.
Mama mkwe, Shigeno, miaka tisini na mmoja,
alimtazama kwa jicho la kando:
"Joto utalitoa wapi, mwanangu?
Nje ni digrii sita chini ya sifuri."
"Huko huko nje, bibi."
Akacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza.

Fundi hakununa. Alieleza kwa mikono yote miwili:
hewa, hata ya barafu, si fukara kabisa;
ina vijoto vyake, vimetawanyika
kama sarafu zilizoanguka nyuma ya kabati.
Gesi ndani ya bomba hupita ikiviokota,
kisha hubanwa, ikabanwa, ikapandwa na hasira,
na hasira hiyo hukabidhiwa maji.
Umeme hapa hauchomi kitu. Umeme ni hamali:
mlipe mzigo mmoja, atakubebea mitatu.

Usiku ule sikupata usingizi.
Saa nane, umeme ukiwa bei ya chee,
nilisikia sanduku likianza kunguruma,
nikajitegea kitendawili:
ala baridi, atema baridi kuliko aliyoila,
tumboni kabaki na moto.
Jibu nilikuwa nalo.
Sikuwa na mtu wa kumdai mji.

Zamani nyumba hii ilioga kwa zamu, maji yale yale.
Baba mkwe kwanza. Kisha Kanejiro, mume wangu.
Watoto. Mama mkwe.
Mimi wa mwisho, katika vuguvugu,
na huko nje hapana mtu,
kuni zimekuwa makaa, makaa yamekuwa majivu.

Mchochea moto huuliza kupitia ukutani:
"Joto vipi?"
Aliye ndani hujibu.
Watu watano, usiku elfu kumi na moja na zaidi;
zidisha mwenyewe, mimi hesabu zilinishinda.

Mimi niliulizwa mara moja.
Tulikuwa tumetoka kumzika baba yangu, ng'ambo ya milima,
viatu havijakauka.
Kanejiro alichukua shoka, hakusema neno.
Niliingia majini. Nikasikia akikohoa kwanza,
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wenyewe,
halafu: "Joto vipi?"
Yalikuwa ya kumenya ngozi.
Nikasema, "Sawasawa."

Siku hizi kuna sauti ya msichana kwenye kidude cha jikoni:
"Maji ya kuoga yako tayari."
Hutangaza. Haiulizi.
Naingia wa mwisho bado, kwa mazoea tu,
na maji ni digrii arobaini na mbili,
yale yale aliyoogea wa kwanza.
Nywele hazinuki moshi. Bili ya gesi imekwenda zake.
Sina lalamiko, na nisijifanye ninalo.

Ila jana, baridi ilipokaza,
sanduku lilinyamaza ghafla huko nje,
likatetema likiyeyusha barafu iliyoligandia mgongoni,
likakohoa.
Nilikuwa nimezama mpaka kidevuni.
"Sawasawa," nikasema,
kisha nikaona haya, nikafungua bomba lipige kelele.

Asubuhi nilikuta pipa la figili za chumvi
limeburutwa mpaka mbele ya feni,
na alama za mkongojo thelujini, kwenda na kurudi.
"Waache hapo," Shigeno alisema, hakuinua macho kwenye chai,
maana figili zake huziita kama watu.
"Baridi hiyo tumeshailipia."