Hojaji, Kidato cha Tatu B

Wamekuja watu wa chuo kikuu na karatasi.
"Mwalimu wenu wa Kiingereza ni nani darasani?
Tia alama moja: msimamizi, mpimaji, kiongozi, mwenzi."
Nje, Kars imezama katika theluji hadi madirishani.

Tuncay ametia "msimamizi" kwa kalamu ya hasira;
simu yake ililala drooni siku tatu.
Gülizar, bingwa wa alama, "mpimaji".
Nyuma, Orhun hakutia kitu. Amechora paka.

Mimi naikumbuka Jumanne ile.
Bi Perihan kasimama ubaoni, chaki hewani,
anatafuta neno la ile barafu
iningʼiniayo ukingoni mwa paa kama meno.
Halikuja.
Akacheka: "Limenitoroka. Nani atanikamatia?"
Tukafunua kamusi, watu thelathini na wawili, fujo tupu,
na Orhun, yule asiyesema,
ndiye aliyelinasa,
akalitamka kombo,
nasi tukalitamka kombo pamoja naye,
Bi Perihan wa kwanza.

Wiki iliyofuata akatupa mtihani wa kutoa jasho katika baridi ile.
Nilipata arobaini na moja.

Sasa karatasi inataka kisanduku kimoja.
Kalamu yangu inazurura.
Chini kabisa, penye "maoni mengine",
nafasi ya kidole, naandika:
*huacha glavu zake juu ya kipasha joto,
atakayechelewa azivae.*

Kisha nafuta.
Watadhani sikuelewa swali.