Chupa ya Saa Sita

Miwani haipatani na tanuri.
Ukifungua mlango tu, inavaa ukungu,
na Wiesława, mwokaji wa zamu ya usiku huko Łódź,
anabaki kipofu mwenye mwiko mrefu mkononi.
Ndiyo maana akahamia lenzi.

Lenzi nazo zina yao.
Alfajiri macho yameiva kama pilipili,
unga umetuama kwenye kope,
na ile dawa ya bei nafuu
inachoma kabla haijasafisha.

Bi Kalina wa duka la dawa akaweka chupa mbili kwenye kaunta.
“Hii ni nyepesi: sugua, suuza, loweka, basi.
Ila ina kihifadhi, na jicho lako limekikataa.
Hii nyingine haina. Kali, inatoa povu,
inang’oa hata usichokiona.
Lakini inataka saa sita kikashani
mpaka ukali uishe.
Ukiiharakisha, utanirudia unalia.”

Wiesława akahesabu kwa vidole vilivyoungua.
Hulala saa tano.

Hakuna chupa ya saa tano.

Akachukua ya povu.
Sasa kila usiku, saa nzima,
anavaa miwani kuukuu iliyofungwa uzi,
na mikate ya kwanza anaioka ukunguni,
kwa pua, kwa kiganja,
kwa kuugonga mkate tako
asikilize kama umeitika.

Povu likinyamaza, ananawa, anakausha vidole, anavaa lenzi.
Mikate ya pili hutoka imenyooka, inapendeza macho.

Ya kwanza ndiyo huisha.